Somo Linaporudi Mwanzo

Jioni moja mwaka 2022 nilipigiwa simu na binti mmoja, mwandishi wa habari katika kituo kidogo cha redio huko mkoani. Baada ya kuniamkia na kuulizia hali za nyumbani, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, lile somo limenirudisha mwanzo. Hii ni mara ya tatu." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayedhani kwamba kosa ni lake.

Somo lenyewe lilikuwa letu. Mimi na wenzangu watatu tuliombwa na taasisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, tutunge mafunzo ya kusomwa kwa intaneti na waandishi wa redio za mikoani. Mada ilikuwa namna ya kuripoti kesi zinazohusu watoto: jina la mtoto linafichwa vipi, kijiji chake kinatajwa au hakitajwi, na mzazi akija studio mwenyewe akitaka kulitaja jina hewani, unafanya nini. Tulipewa programu ya kutungia masomo, zile ambazo mtu asiye fundi wa kompyuta anaweza kupanga maandishi, picha na sauti, akaweka maswali, akabonyeza kitufe, na somo likawa tayari. Tulisifiwa programu hiyo kweli kweli. Tuliambiwa ukijua kutumia simu ya mkononi basi utaijua.

Leo ningependa tuzungumze habari za programu za namna hiyo, maana historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na tangu siku ya kwanza imekuwa historia ya walimu kuzunguka vizuizi vya mashine.

Toleo letu la kwanza lilikuwa la maswali ya kuchagua: A, B, C, D. Ndiyo aina ya swali ambayo programu hizo huipenda, kwa sababu mashine haipati taabu kulisahihisha. Washiriki walifaulu karibu wote. Taasisi ilifurahi. Lakini yule binti, ambaye alikuwa amepata alama zote, alituandikia akiuliza: "Sasa kama mama wa mtoto ndiye anayetaka jina litajwe, na yuko hapo mbele yangu analia, nafanyaje?" Tulitazamana. Lile lilikuwa ndilo somo hasa, nasi hatukuwa tumelifundisha. Tulikuwa tumeuliza lile tu ambalo programu iliweza kuuliza.

Basi tukaamua kubadili. Kwanza tulijaribu maswali ya jibu fupi, mtu aandike mwenyewe neno au maneno machache. Hapo ndipo Kiswahili chetu kilipotusaliti, au tuseme ndipo programu ilipokisaliti Kiswahili. Ukiuliza, "Utafanya nini kuhusu jina la mtoto?", mmoja ataandika "nitalificha", mwingine "lisitajwe", wa tatu "halitajwi", wa nne "nisilitaje", wa tano "tulifiche". Wote wamepata. Mashine ilijua lile moja tu tulilolipa, na yaliyobaki yote iliyapiga mkasi mwekundu. Tukaongeza majibu katika orodha mpaka orodha ikajaa, na bado kila siku lilizuka jipya. Kitenzi cha Kiswahili kina vichwa na mikia mingi. Aliyeitunga programu ile, kwa vyovyote vile, hakuwa na habari hiyo.

Nilianza kupekua ili nijue kama kuna aliyewahi kukutana na shida kama yetu, na upekuzi huo ukanifikisha mbali, mpaka mwaka 1960.

Mwaka huo, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, mhandisi Donald Bitzer na wenzake walianza kutumia kompyuta ya chuo, iliyoitwa ILLIAC I, kufundishia. Mtambo wao waliupa jina la PLATO. Mara ya kwanza uliweza kumhudumia mwanafunzi mmoja tu; mwaka uliofuata wakawa wawili kwa wakati mmoja. Tatizo halikuwa idadi ya wanafunzi peke yake. Kila somo lilibidi liandikwe na mtu anayejua lugha za kompyuta, na watu hao hawakuwa walimu. Mwalimu wa kemia alikuwa na somo lakini hakuwa na lugha; fundi alikuwa na lugha lakini hakuwa na somo.

Mwaka 1967 mwanafunzi mmoja wa shahada za juu katika elimu ya viumbe, Paul Tenczar, alichoshwa na hali hiyo akabuni lugha ya kutungia masomo, akaiita TUTOR. Ilikuwa na amri fupi fupi ambazo mwalimu wa kawaida angeweza kujifunza: hapa andika maneno haya, hapa subiri jibu, jibu likiwa hili fanya vile. Ninyi mnaodhani kwamba masomo ya kompyuta yalizaliwa na intaneti, mjue kwamba walimu wa Illinois walikuwa wakitunga masomo yao kwenye kompyuta wakati sisi huku tunatangaziwa Azimio la Arusha.

Na sasa sikilizeni jambo lililonifanya niweke chini kikombe cha chai. Katika TUTOR, mwalimu alipoandika jibu sahihi, aliweza kuiambia mashine ni maneno gani yasiyo na uzito, na ni maneno gani yenye maana moja. Tuseme swali linahusu pembetatu. Mwalimu aliyaweka maneno kama "hii", "ni", "umbo", "inaitwa" ndani ya alama za mabano ya pembe, na maana yake ni kwamba yakiwepo sawa, yasipokuwepo sawa. Maneno yanayolingana kwa maana aliyaweka pamoja katika mabano ya kawaida. Mwanafunzi akiandika neno moja tu, amepata. Akiandika sentensi nzima, amepata. Tena mashine ilitambua neno lililokosewa tahajia, ikalipigia mstari badala ya kumwambia mtoto wa watu kwamba hajui kitu. Sisi, miaka hamsini na zaidi baadaye, na leseni yetu ya kulipiwa kila mwaka, hatukuwa na kitu hicho.

Sisemi kwamba TUTOR ingetutatulia Kiswahili. Mtambo ule ulipima neno zima zima, na kwetu neno moja ni sentensi. "Nisingalilitaja" ni neno moja, lina mtu, kukanusha, wakati, jina na kitendo. Hata hivyo mwelekeo ulikuwa ule tuliouhitaji: mashine isogee kwa mwanafunzi, si mwanafunzi asogee kwa mashine.

Usidhani walimu wale walikuwa peponi. Mtambo wa PLATO IV, uliotoka mwaka 1972, ulikuwa na skrini ya rangi ya chungwa, nukta 512 kwa 512, ambayo mwanafunzi aliweza kuigusa kwa kidole. Skrini hiyo ya plazma ilibuniwa hapo hapo chuoni mwaka 1964 na Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson, na kizazi cha televisheni za plazma tulizozijua baadaye kinatokana nayo. Lakini waya uliopeleka habari kwenye skrini ulipitisha biti 1,200 hivi kwa sekunde. Chukua kalamu tupige hesabu: nukta 512 mara 512 ni 262,144. Kama mwalimu angetaka kujaza skrini kwa picha, nukta kwa nukta, mwanafunzi angesubiri zaidi ya dakika tatu na nusu. Darasa gani litangoja hivyo?

Wakabuni njia. Mashine ya mwanafunzi ilikuwa na nafasi ya kupokea herufi maalum ambazo mwalimu alizichora mwenyewe, kila moja ikiwa na nukta 8 kwa 16. Nia ya nafasi hiyo ilikuwa alama za hisabati na maandishi ya kigeni, na kweli ilifundishia Kirusi na Kichina. Walimu, lakini, waligundua kwamba "herufi" inaweza pia kuwa kipande cha gurudumu, sikio la paka au nusu ya dirisha. Ukizipanga ubavu kwa ubavu unapata gari zima, na gari hilo likishuka kwenye waya mara moja, linaweza kurudiwa mara mia bila kusubiri tena. Ni kama fundi wa kanga anayechonga kibao kimoja kisha akapiga chapa doti nzima.

Kizuizi kingine kilikuwa kumbukumbu. Kila mwanafunzi alitengewa visanduku 150 vya kuhifadhia mambo yake: amefika wapi, amekosea mara ngapi, alisema nini. Visanduku 150 kwa masomo yote. Kwa mtu anayetunga mchezo wa hesabu au jaribio la kemia vilikwisha haraka. Lakini kila kisanduku kilikuwa na biti 60, yaani nafasi 60 za ndiyo au hapana. Mtunzi mwerevu hakutumia kisanduku kizima kuandika kwamba mwanafunzi amemaliza sura ya tatu. Alitumia biti moja, na 59 zilizobaki akaziwekea mambo mengine. Wakawa wanapakia kama kondakta wa daladala anavyopakia abiria: "Sogea nyuma, bado nafasi ya mmoja!"

Halafu kuna wale waliotumia programu ya masomo kwa mambo yasiyo masomo. Mpaka mwaka 1973 watumiaji waliripoti hitilafu za mtambo kwa kufungua faili moja la somo lililoachwa wazi kwa kila mtu, wakaandika mwishoni. Faili la kutungia masomo likawa sanduku la barua. Lilikuwa na ila zake: hukujua kwa yakini nani kaandika nini, na wakati mwingine mtu mmoja mtundu alilifuta lote. Tenczar akamwomba kijana aitwaye David Woolley atengeneze kitu bora, na mwezi Agosti 1973 ikatoka programu ya Notes, ambamo kila ujumbe ulikuwa na jina la mwandishi na majibu yake yakaufuata chini yake. Hayo mabaraza ya mazungumzo mnayoyaona leo kwenye simu zenu, mojawapo ya mababu zake ni huyo, na alizaliwa kwa sababu watu walikuwa wakilazimisha programu ya masomo ifanye kazi isiyo yake.

Mwaka 1975 Rusty Rutherford aliandika mchezo wa mapango na majoka, na kwa kuwa michezo haikutakiwa kula nafasi ya masomo, aliuweka kwenye faili lenye jina la kikazi kabisa: pedit5. Wakubwa walipougundua waliufuta. Ukarudishwa. Ukafutwa tena. Mtaalamu mmoja wa historia ya michezo ya kompyuta hawezi kupita bila kuutaja, nami nautaja kwa sababu unanikumbusha vijana wetu wa studio na faili zao za bongo fleva zilizoandikwa "Taarifa ya Habari, Nakala".

Mtambo huo ulifika hata barani kwetu. Kampuni ya Control Data, iliyouchukua kwa biashara katika miaka ya 1970 chini ya William Norris na kutumbukiza humo fedha nyingi mno, iliuweka katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, miaka ya mwanzo ya 1980, na ulikuwepo pia katika chuo cha ualimu cha Madadeni, karibu na Newcastle, kwenye wanafunzi karibu wote Wazulu. Hiyo ilikuwa enzi ya ubaguzi wa rangi, na somo lililotungwa Illinois likisomwa Madadeni ni mada inayohitaji kipindi chake peke yake.

Miaka ya 1980 kompyuta ndogo zikaja na kila kitu kikaanza upya, kwa maana ya kwamba yaliyokwisha kujulikana yakasahauliwa. Michael Allen, aliyekuwa amefanya kazi ya PLATO huko Control Data, alianzisha programu ya Authorware. Humo mwalimu hakuandika amri bali alipanga picha ndogo ndogo kwenye mstari, kama shanga kwenye uzi: shanga ya kuonyesha, shanga ya swali, shanga ya kusubiri. Ilipendwa sana. Na kwa kuwa shanga hazikutosha, ilikuwapo shanga moja ya hesabu ambamo ungeweza kuandika amri kwa mkono. Wale mafundi wa kweli, nimeambiwa na mmoja wao, waliishi ndani ya shanga hiyo. Mwaka 1987 Bill Atkinson wa Apple naye akatoa HyperCard, rundo la kadi nyeusi na nyeupe ambalo walimu wengi waliligeuza kuwa daraja la kwanza la kutungia masomo. Waliotaka rangi walitafuta viraka vya kuongezea kutoka nje. Mchezo maarufu wa Myst, wa mwaka 1993, ulitengenezwa kwa HyperCard na viraka hivyo, na aliyecheza hataamini kwamba chini yake kuna kadi nyeusi na nyeupe.

Nimepita hapo haraka, msikilizaji, kwa sababu nataka tufike kwenye kile kilichomrudisha binti yule mwanzo.

Baada ya majibu mafupi kushindikana, tulifungua visanduku vya kujieleza. Maswali 12. Mtu asome kisa, kisha aandike kwa maneno yake angefanya nini. Majibu yasisahihishwe na mashine. Yahifadhiwe, na mwishoni mshiriki ayaone yote pamoja, alinganishe na maelezo ya mwanasheria na ya mhariri mkongwe. Tuliona tumepata dawa. Tukalijaribu somo ofisini, likaenda vizuri. Sisi tulipojaribu tuliandika "aaa" na "sawa" ndani ya visanduku, kama wafanyavyo watu wenye haraka.

Simu zikaanza wiki ya pili. Mtu amefika swali la tisa au la kumi, umeme umekatika au vifurushi vimekwisha, anarudi kesho yake, somo linamfungulia ukurasa wa kwanza na visanduku ni vitupu. Wengine walimaliza bila shida yoyote wakapata cheti. Tulitafuta tofauti kati ya makundi hayo mawili. Tulidhani ni mtandao wa simu, tukadhani ni aina ya simu, tukadhani ni wilaya. Ilituchukua siku kumi na moja kugundua. Waliomaliza walikuwa wale waliojibu kwa neno moja. Walioandika kwa bidii, waliofikiri, ndio waliorudishwa mwanzo.

Sababu ilikuwa hii. Masomo ya intaneti hayakai peke yake. Hukaa ndani ya mtambo mwingine unaoandikisha wanafunzi na kutunza alama. Ili somo la mtengenezaji mmoja liweze kuzungumza na mtambo wa mtengenezaji mwingine, inahitajika lugha ya makubaliano. Wa kwanza kulitambua hilo walikuwa watu wa ndege, waliounda kamati yao mwaka 1988 kwa kuwa kila mtengenezaji wa ndege alileta mafunzo ya kompyuta yasiyoelewana na ya mwenzake. Mwaka 1997 serikali ya Marekani nayo ikaanzisha mpango wake, na kutokana na mpango huo ukapatikana mwafaka uitwao SCORM. Toleo lake la 1.2, la mwaka 2001, ndilo lililoenea duniani kote.

Katika mwafaka huo somo linapewa mfuko mmoja wa kuwekea kumbukumbu ya mwanafunzi anapotoka: amefika wapi, amefungua nini, amejibu nini. Mfuko huo una ukubwa uliowekwa. Herufi 4,096. Basi. Mwaka 2001 zilionekana nyingi. Programu kama yetu humwaga humo kila kitu, ukurasa uliofunguliwa, kitufe kilichobonyezwa, na kila herufi iliyoandikwa kwenye kisanduku. Mtu akiandika majibu 12 ya herufi 400 kila moja, yaani mistari mitano sita ya kawaida, amefika 4,800. Mfuko umepasuka. Mtambo unakataa kuhifadhi, wala haumwambii mwanafunzi kitu, na akirudi hana alama yoyote ya kuonyesha kwamba aliwahi kupita hapo.

Tulikuwa tumeuliza swali zuri, na mashine ikawaadhibu walioliheshimu.

Niliposoma habari hizo ndipo nikakumbuka wale wa visanduku 150. Kizuizi ni kile kile kimevaa koti jipya, na maarifa ya kukizunguka ni yale yale: mafundi wa leo nao wanabana kumbukumbu, wanaandika biti badala ya maneno, wanaziamuru kurasa zisahau kilichopita ili mfuko usijae. Matoleo ya baadaye ya mwafaka, kuanzia lile la mwaka 2006, yaliongeza mfuko hadi herufi 64,000. Lakini hapa kwetu vyuo vingi na mashirika mengi hutumia mtambo wa Moodle, ulioanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia, ukatoka rasmi mwaka 2002. Ni wa bure, nasi tunaushukuru kwa hilo. Nao kwa upande wa SCORM umeshika lile toleo la 1.2.

Tulimwandikia aliyekuwa akitutunzia mtambo, tukiuliza kama kuna la kufanya. Alijibu kwamba somo letu ndilo bovu. Labda alikuwa na kazi nyingi.

Tukalipasua somo vipande vitatu, kila kipande na mfuko wake. Hiyo ndiyo dawa inayotolewa na karibu kila fundi, na kweli inaponya. Ila kisa chetu kilikuwa kimoja, kinaanza polisi kinaishia mahakamani, na mshiriki alitakiwa mwishoni ayaone aliyoyaandika mwanzoni. Kipande cha tatu hakikujua lolote kuhusu kipande cha kwanza. Ni kama kukata mchezo wa redio katikati na kuwapa waigizaji wapya kila baada ya matangazo ya biashara. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye tangu mwanzo alikuwa akitutazama tu tunavyohangaika, akasema: "Jamani, kwani hawana madaftari?"

Tukaondoa visanduku. Mahali pake tukaandika: chukua daftari, andika jibu lako, kisha bonyeza Endelea. Mwisho wa mafunzo, daftari lipigwe picha au litumwe. Taasisi haikufurahi; ilikuwa imeahidi wafadhili mafunzo ya kisasa. Ilibidi tueleze kwa kirefu.

Yapo mambo mawili niongeze kabla muda haujaniishia. La kwanza ni kwamba hata dawa hizi zina umri. Kwa miaka mingi programu za kutungia masomo zilitoa masomo katika muundo wa Flash. Simu na vibao vya Apple havikuupokea. Steve Jobs alieleza sababu zake katika barua ya wazi ya mwaka 2010. Adobe, waliokuwa wamemiliki Flash na Authorware vyote baada ya kuinunua kampuni ya Macromedia mwaka 2005, walisimamisha kuiendeleza Authorware mwaka 2007, na Flash ikaachwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe 12 Januari 2021 ikazuiwa isifunguke kabisa. Wapo wanaojitolea kutengeneza vifaa vya kuyafufua masomo hayo, na mengine yamefufuka. Mengine, pamoja na ujanja wote walioutumia watunzi wake kuzunguka vizuizi, sasa ni kisanduku cha kijivu kwenye skrini. Mimi mwenyewe ninayo CD moja ya mafunzo ya uhariri wa sauti, kazi ya miezi, ambayo siwezi kuifungua. Daftari la shule la marehemu baba yangu bado linafunguka.

La pili linanitia aibu kidogo. Mwaka mmoja baadaye nilikutana na kijana anayesimamia Moodle katika chuo kimoja. Nikamsimulia mkasa wetu wote, siku kumi na moja, vipande vitatu, madaftari. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba katika mipangilio ya Moodle, upande wa msimamizi, pana mahali pa kuamua kama mtambo ushike mwafaka wa SCORM kwa ukali au ulegeze. Ukiulegeza, mfuko unapokea zaidi ya herufi 4,096. Ni alama moja ya kuondoa. "Sekunde mbili, mzee," alisema. Nilimuuliza kama jambo hilo limeandikwa mahali. Akasema limeandikwa, ila nani husoma.

Madaftari yalifika 19. Baadhi yalikuja kwa picha za simu, mengine kwa mabasi, yamefungwa kwa gazeti na kamba ya katani, nasi tukayafuata stendi. Niliyasoma yote kwa siku mbili. La yule binti lilikuwa na jalada la picha ya twiga, na kwa swali lile la mama anayelia alikuwa ameandika kurasa nne, akafuta nusu yake. Katika zilizobaki alisema kwamba kwanza angezima maikrofoni, mama aone kwa macho yake kwamba imezimwa. Halafu angemletea maji. Halafu angemuuliza jina la mtoto, ili alisikie yeye peke yake.